Daftari la Mitikisiko

Bi Mwanaesha wa Mji wa Kale hauzi bizari ya mashine. Hutwanga kwa mkono, kila asubuhi baada ya chai, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na kakake Mzamil. Mzamil anataka iuzwe. Amesema wazi kwamba siku mhandisi atakapotia sahihi kuwa kuta zimechoka, Mwanaesha atatoka, apende asipende.

Sasa jamani, mwanamke mwenye hofu kama hiyo akipangisha chumba cha juu, ataacha kumchunguza mpangaji? Mpangaji ni Awiti, mwalimu wa fizikia kutoka Kisumu, mpole, salamu hazimpiti. Ila hapendi mlango ubamizwe. Tena aliwahi kuuliza mikokoteni ya mizigo hupita saa ngapi. Ya nini?

Jumanne Mwanaesha akampelekea mahamri, akaona daftari wazi mezani: "Saa tatu na robo, nyumba imetikisika. Saa nne kasoro robo, imetikisika tena."

"Awiti! Ni Mzamil aliyekutuma?"

"Mzamil ndiye nani, Bi?"

"Usinifanye mtoto! Mbona waipima nyumba yangu?"

Awiti akamwekea kiti. Mezani palikuwa na taa ya leza na vioo viwili. Mwale wa taa uligawanyika, kila nusu ikaenda kwenye kioo chake, kisha zikarudi kukutana ukutani, zikachora mistari myekundu.

"Piga mguu chini, Bi."

Akapiga. Mistari ikacheza.

"Ng'ambo kuna mitambo ya namna hii, mikono yake ya kupitisha mwanga, kila mmoja kilomita nne. Mashimo meusi mawili, kila moja zito kuliko jua mara nyingi, yakizungukana mpaka yakaungana, hutikisa anga lenyewe. Mawimbi hayo hutufikia yamefifia kabisa. Kwa hiyo wanafunzi wangu lazima kwanza waijue mitikisiko ya hapa chini, wasione mkokoteni wakadhani ni mbingu. Huu wangu ni wa kufundishia tu. Husikia kinu chako, basi."

Mwanaesha hakulainika. "Na nyinyi mwajuaje kwamba hamdanganyiki?"

"Hatuuamini mtambo mmoja. Mpaka wa pili, ulio mbali, useme vilevile."

Mwanaesha akaguna. Akatoa simu, akampigia kakake, akaweka sauti juu.

"Mzamil, mtu wako nimemshika, na daftari lake."

Mzamil akang'aka: "Daftari gani tena? Yule fundi wa bomba nilimwambia apige picha za nyufa tu, asiandike!"

Mwanaesha akakata simu. Fundi wa bomba! Yule aliyekuja Ijumaa kutazama tangi, akanyweshwa hata sharubati, akaaga kwamba Jumamosi atarudi kumaliza kazi.

"Sasa nihame, Bi?" Awiti akauliza.

"Uhame uniachie nani? Kaa. Lakini Jumamosi akibisha mtu mwenye spana, usimfungulie mpaka uniite." Akafika mlangoni, akageuka. "Na hilo daftari lako, mwanangu, litie kufuli."