Yungiyungi Katika Sanduku la Bati

Shangazi yangu Biasha wa Munje hana subira na watu, lakini kwa maua atakaa kutwa. Vikuba vya asumini anavyotunga huagizwa na maharusi toka Msambweni hadi Vanga, na ole wake bibi harusi atakayesema kimoja kimepinda.

Siku tatu kwa wiki hufanya usafi kwa Mwalimu Hesbon, mzee wa bara aliyestaafu kufundisha bayolojia akajenga Diani. Ukutani kwake palikuwa na picha kumi na mbili za maua, kurasa za kitabu cha Ulaya chenye zaidi ya miaka mia mbili. Mistari ilichapwa kwa bamba la shaba, kisha rangi ikapakwa kwa mkono, karatasi moja moja. Siku aliyoelezwa hivyo, Biasha aliweka chini kitambaa cha vumbi, akalisogelea yungiyungi la buluu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo.

"Subhanallah! Kwa mkono? Na haukutetemeka?"

Mwalimu akamwambia kuwa kitabu chenyewe kiliyaita maua ya nchi za kigeni. Shangazi akacheka mpaka akakaa.

"Ugeni gani, Mwalimu? Hili linajaa vidimbwini kwetu, vyura wanalikalia!"

Lakini jioni alinisimulia jinsi weupe wa ua lile unavyogeuka buluu polepole kuelekea ncha, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka kuuona mwezi wa Ramadhani.

Masika ya mwaka jana paa la Mwalimu lilianza kuvuja, naye alikuwa anasafiri kwao kumzika kaka yake. Akazitoa picha kwenye fremu, akamkabidhi Shangazi.

"Bi. Biasha, zitunze kama zako."

Akazitunza kama zake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sisi huku nguo ya thamani haiwekwi sandukuni kavukavu. Biasha alizipanga katika sanduku la bati la marehemu mama yake, na kati ya karatasi na karatasi akatia asumini mbichi na vilua, maua yetu yenye mafuta ya kunukia, kama tunavyofanya kwa leso za harusi. Mimi ndiye niliyemsaidia kuchuma, kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka.

Baada ya mwezi tulilifungua. Harufu ilitupiga, tamu hasa. Kumi na moja zilikuwa salama. Yungiyungi, lililokuwa chini kabisa na uzito wote juu yake, lilikuwa limenyonya mafuta ya vilua, na katikati ya buluu ile palikuwa na doa la hudhurungi, pana kama kiganja.

Nikamwambia Shangazi tuseme ni mvua ya kwa Mwalimu, kabla hajatukabidhi. Paa lilivuja kweli, na macho ya Mwalimu si mazuri. Alinitazama nikatamani ardhi inimeze.

"Sahani ikivunjika hununuliwa nyingine," akasema. "Aliyepaka hili hapaki tena."

Tukaenda Diani na sanduku letu.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa msiba."

"Marahaba, Bi. Biasha. Nimekwisha kupoa."

Shangazi akazitandaza picha zote mezani, yungiyungi mbele, akaeleza yote, vilua na sanduku. Mwalimu akainama juu ya doa. Aliponyanyuka, mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Miaka ishirini nimezitunza hizi!"

"Ukinifukuza ni haki yako," Shangazi akajibu. "Na radhi yako nitaiomba. Lakini nionyeshe kwanza jina la aliyepaka. Kwetu radhi huombwa kwa mwenye kudhulumiwa, na akiwa amefariki huendewa jamaa zake."

Mwalimu akaonyesha maandishi madogo chini ya ua. Kushoto, jina la mchoraji. Kulia, la aliyechonga bamba.

"Na aliyepaka?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Walikuwa wengi. Wanawake na wasichana, wameketi safu mezani, kila mmoja na rangi yake. Majina yao hayakuandikwa."

"Hata la mmoja?"

"Hata la mmoja."

Shangazi aliyatazama yale maua kumi na mawili, moja baada ya jingine, na machozi yakamlenga. Kisha akajifunga leso vizuri, akaliinamia yungiyungi.

"Dada yangu, jina lako silijui. Mimi ni Biasha binti Shutu. Kazi yako nimeiharibu. Niwie radhi."

Nilidhani Mwalimu atamkemea. Akavua miwani, akaliinamia yungiyungi kando yake.

"Na mimi, dada," akasema. "Miaka ishirini sikuulizia jina lako."