"Imeshika?"

Neno moja nusura lituangushe bondeni.

Nimelikumbuka leo gereji, fundi aliponiuliza hivyo hivyo, huku mbali na kwetu.

Miaka ya sabini, mimi na shemeji yangu Mwakio tulikuwa tunamshusha mama kutoka Wundanyi kwenda hospitali ya Voi. Pumu ilikuwa imemshika.

Kwenye kona, breki zikalegea. Nikasimamisha gari kwa gia. Shemeji akaweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini kutoa hewa kwenye paipu za breki. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga pedali.

"Imeshika?" akauliza.

Nikageuka. Mama alikuwa anavuta pumzi kwa shida.

"Imeshika sana."

Akatoka, akaondoa mawe. Nikatoa gia, gari likaanza kuteremka. Nikakanyaga, pedali ikazama mpaka sakafuni.

Bahati yetu, shemeji aliwahi kurudisha jiwe moja.

"Si umesema imeshika?"

"Nilidhani unauliza pumu."

Kisha mama, kwa vipande: "Mwakio... breki... itaje jina."

Akarudi chini. Mara hii aliuliza, "Breki ya gari, shemeji, imeshika?"

Tulifika Voi mama bado anapumua.

Kwenu mafundi huulizaje?