Jina la Jiwe, Jina la Mwanangu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mume wangu alifariki nikiwa mjamzito, na eda ikanifungia nyumbani kwa wakwe zangu, katika mtaa wetu wa Waislamu hapa Kigali. Kwa mwenye mimba eda haihesabiwi kwa miezi, inaisha akijifungua. Basi nilikaa chumbani na nguo zangu nyeupe, nikisikiliza cherehani ya baba mkwe ikinguruma barazani, na wageni wa pole wakinitazama tumbo badala ya uso. Nilichoka, nikachoka na kuchoka kwenyewe.

Kilichoniokoa nisirukwe na akili ni redio ya marehemu. Asubuhi moja idhaa ya Kiswahili ya ng'ambo ilieleza habari za asteroidi, jiwe kubwa linalozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, pamoja na wenzake wasiohesabika. Mtaalamu alilinganisha picha mbili za anga akaona nukta moja imehama. Hakuruhusiwa kulipatia jina papo hapo. Lilipewa alama ya muda tu, likafuatiliwa miaka kadhaa hadi njia yake ikajulikana barabara. Ndipo likapata namba, na aliyeligundua akapewa haki ya kupendekeza jina. Mtangazaji akamalizia kwa furaha kwamba jiwe hilo halitaanguka juani wala halitatoroka, litazunguka palepale. Nilikasirika kwa niaba ya jiwe. Furaha ya nini? Lakini ile haki ya jina iliniingia moyoni.

Maana vita vya jina vilikuwa vimeshaanza. "Akiwa mwanaume, atabeba jina ya baba yake," mama mkwe alisema kila aliponiletea uji. "Mutoto iko ya hapa, mukazana wangu." Ndivyo alivyoniita mimi, mke wa mwanawe. Nilimpenda mume wangu, ila sikutaka mwanangu aitwe kaburi. Jina lile lingenifanya mjane upya kila nikimwita aje kula. Tena, nani alimgundua huyu mtoto? Nilimjua yumo kabla hata baba yake hajaambiwa.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Mtaani kwetu siku ya saba tulichanganya mambo: mtoto hunyolewa na mbuzi huchinjwa kama dini inavyotaka, kisha watoto wa majirani huitwa kula, na kila mmoja humpa huyo mtoto mchanga jina, kama wafanyavyo Wanyarwanda wa milimani. Wazee hucheka, halafu hutangaza la kwao. Nikafanya hila. Wiki ile niliwapa watoto mandazi dirishani, mmoja mmoja, pamoja na jina nililolitaka mimi.

Siku ilipofika, wa kwanza akalitaja. Wa pili vilevile. Wageni wakaanza kutazamana. Wa mwisho, binti mdogo wa jirani, akalitaja kwa sauti kubwa, kisha akaninyooshea mkono: "Mama, mandazi yangu iko wapi?"

Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Baba mkwe alicheka mpaka machozi, akasema, "Basi, watoto wote wamesema. Jina ni hiyo." Nikajiona mshindi.

Mama mkwe hakucheka. Wageni walipoondoka alimpakata mjukuu wake, akaniambia taratibu, bila ubaya wowote, "Kwa jina, umeshinda. Arobaini ikiisha, kama unataka kwenda kwa dada yako kule Kabeza, enda tu. Mutoto atabaki. Iko damu yetu."

Arobaini ikaisha. Dada alikuja kunichukua asubuhi. Nilijitanda mtandio, nikavaa viatu, na hakuna aliyenizuia. Tulipofika mlangoni mtoto akaanza kulia ndani. Nilimsikia bibi yake akimbembeleza, akimwita kwa jina lile nililolipigania, kwa mapenzi ya kweli, mpaka akanyamaza. Maziwa yakanilowesha kifua.

Nikavua viatu. Dada alirudi Kabeza peke yake.