Mlima Wenye Mimba

Nilipokuwa mtoto kule Masereka, milima ilishika mimba kama wanawake, na mkunga wake alikuwa Mukaka, bibi yetu mzaa baba. Alijua dalili zote: ufa unaotambaa katikati ya shamba la viazi, miti iliyoinama kama walevi, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu. Akiona hayo, aliwaambia watu wa chini wahame. Katekista wetu alimcheka, lakini hata yeye alihama.

Mwaka mmoja ufa ulitokea juu ya nyumba ya Tantine Kahindo, binti wa mwisho wa Mukaka.

"Mulima iko na mimba," Mukaka alimwambia. "Leo hapana lala kule."

Tantine akaja kwetu na kuku wake na godoro. Nilifurahi, maana alinisuka nywele vizuri kuliko mama. Lakini desturi ilisema mwenye mimba hunyweshwa ili azae taratibu. Basi wanawake na watoto tulipanda na mabidoni ya maji, tukayamimina ndani ya ufa. Ukayanywa yote bila kujaa. Tukacheka, tukasema kumbe mama huyu ana kiu kweli, tukateremka mtoni tena.

Tulipomaliza, Mukaka aliweka kiganja ardhini, akaridhika. Akamgeukia binti yake.

"Imekwisha kunywa. Sasa unaweza rudia kwako."

Tantine akarudi. Siku chache baadaye, mchana, mvua ikinyesha, mlima ukazaa. Wanaume walichimba kwa majembe mpaka wakaupata mwili wake jikoni.

Juzi hapa Butembo, mtaani kwetu kwenye mteremko, alikuja kijana aliyesomea udongo na mawe, akatukusanya ukumbini. Akataja ufa, miti iliyoinama, chemchemi mpya. Nikawa naitikia kwa kichwa, kama vile namsikiliza Mukaka. Kisha akasema:

"Donc, mukiona ufa, maji isiingie mule hata kidogo. Maji ndiyo inasukuma mulima. Muchimbe mufereji kwa juu, mutupe maji kwa pembeni. Na bantu batoke, hapana rudia mpaka tuangalie."

Nilitoka nje, nikaegemea ukuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na yetu tuliyamwaga wenyewe. Nusu ya elimu ile tulikuwa nayo. Nusu ya pili ilikuwa vitabuni, mbali, na hakuna aliyepanda Masereka kutuletea. Nasikitika, na nakasirika pia, ila sijui nimkasirikie nani. Jioni ile mimi na majirani tulianza kuchimba mfereji.

Mukaka alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliniuliza swali lile lile kila nilipomletea uji.

"Ule mulima, tuliupatia maji kidogo sana, hapana?"

Nilimjibu ndiyo, Mukaka, yalikuwa kidogo. Sasa najua ukweli, na angeniuliza leo, ningemjibu vile vile.