Ua Langu Mlangoni kwa Komadre Domitila

Alfajiri ya Ijumaa Kuu nilitoka kulinyunyizia zulia langu maji. Nikalikuta ua langu limetandikwa mbele ya nyumba ya jirani.

Kubwa mara mbili ya langu!

Hapa Antigua kila nyumba hutandika barabarani zulia la unga wa mbao, msafara wa Ijumaa Kuu upite juu yake. Mchoro ni siri ya nyumba. Nami nilitaka kabla sijafa, mwaka mmoja tu, watu wasimame mlangoni kwangu.

Mchoro wangu niliuchora kwa kompyuta, kwenye darasa la maktabani. Bibi mzima! Niliandika kitanzi, amri inayojirudia: chora petali, geuka kidogo, rudia mara nane. Kwaresima yote ikaishia hapo.

Aliyeuona ni mmoja tu, jirani huyo huyo, Domitila, mama wa ubatizo wa mwanangu Wilfrido; ndiyo maana twaitana komadre. Vidole vyangu vikitetemeka, yeye ndiye aliyenishikia kipanya. Wema huo siukani.

"Komadre, hilo ua ni langu."

"Lako lina petali nane, komadre. Hili kumi na sita. Hesabu!"

Jirani mwingine akanidakia, "Doña Chayo, hata kuiga kuna adabu yake, bwana!"

Watu wakacheka. Mwigaji nikawa mimi.

Domitila akajishika kiuno. "Langu ni funksheni. Kitanzi kimefungwa ndani ya jina. Nataja jina, natoa namba, ua linatoka nipendavyo. Lako linajua nane tu."

"Jina gani?"

"Ua la Domitila."

"Komadre, wewe hata kuwasha mashine huitiwa mtu. Nani kakufungia?"

Akautupia jicho mlango wake.

Ukafunguliwa. Akatoka Wilfrido, mwanangu, niliyemwacha usiku alinde zulia letu. Mikono yake imejaa unga wa zambarau.

"Mama, usikasirike. Mama wa ubatizo aliniomba. Kitanzi chako kilikuwa kimelala tu."

"Na jina?"

"Chako hakikuwa na jina, mama."

Msafara ukapita, miguu ikayavuruga mazulia yote mawili. Domitila akaniletea atole, uji wa mahindi, wa moto. Nikapokea, baridi ilikuwa kali. Asante haikutoka.

Wajukuu zangu mnaosoma: kazi yako ukiimaliza, ipe jina siku ileile. Mwizi wa mbali huruka ukuta. Wa nyumbani umempa ufunguo mwenyewe, ukamtakia na usiku mwema.