Presha Iliyoshuka Si Yangu

Jumamosi jioni.

Da Zuhura, na wote mliopiga simu: mimi ni mzima. Lililoshuka presha ni gari.

Kesho ni hitima ya mume wangu huko Kibakwe, na tunakwenda na vani yake ya petroli. Wiki nzima imekuwa ikiishiwa nguvu kila ikiona mlima.

Leo fundi akafunga geji kwenye bomba la mafuta. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Tumepima, presha iko chini sana. Kibakwe sina hakika."

Hakuna aliyeuliza ni presha ya nani.

Wifi akafika mbio kutoka Chamwino na chupa ya supu, chumvi tele.

Shemeji naye akaja. Tangu tuzike hakuwahi kupata nafasi ya kunijulia hali, ila leo aliipata.

"Pumzika, shemeji," akasema kwa upole, funguo za gari tayari mkononi. "Hizi nitakutunzia mimi."

"Presha ni ya gari, shemeji."

Akazitazama. Akazirudisha mezani taratibu.

"Kumbe bovu."

Wewe ungemjibu nini?

Marehemu alikuwa akifungua swichi, anasikiliza kwanza pampu ikivuma, ndipo anawasha. Fundi naye akafanya hivyohivyo, nikageuka pembeni kidogo.

"Mama, pampu ni nzima. Filta ndiyo imeziba."

Akabadilisha filta, mshale wa geji ukapanda.

Tunaondoka alfajiri. Mkiswali mtukumbuke, mimi na marehemu.