Sala Niliyoshindwa Kuomba Kimumu

Mimi husahihisha hata ujumbe wa kumwambia mama yangu nimefika. Nauandika, naufuta, nauandika upya, na kabla sijautuma yeye hupiga simu kuuliza kama niko hai.

Falsafa nilijifunza mwenyewe, kwenye kaunta ya duka la mama la dawa za mifugo karibu na mtaa wa West Indies. Kati ya mteja na mteja nilisoma makala kwenye simu. Zilizonikamata ni za profesa mmoja wa hapa hapa Eldoret, mwanamke aliyetumia miaka mingi kwa swali moja: je, mtu anaweza kuwaza jambo ambalo hana maneno yake? Nilimwandikia. Alijibu kwa mistari miwili. Wanafunzi wake wa uzamili hukutana nyumbani kwake, mtaa wa Kimumu, Jumamosi alasiri. Nije nisome hoja yangu, na nikiitetea vizuri atanichukua nimsaidie utafiti.

Sijawahi kuketi katika darasa la chuo kikuu. Huo ndio ulikuwa mlango wangu, na sikuona mwingine.

Hoja yangu ilikuwa kwamba bila maneno hakuna wazo. Anayesema "najua ila siwezi kueleza" hajui kitu. Niliiandika mara kumi na tisa, kisha nikamsomea mama.

"Na ng'ombe?" akauliza.

"Ng'ombe amefanya nini?"

"Akiniona na ndoo anakuja mbio. Amewaza na maneno gani?"

"Hiyo ni tabia tu, mama. Si wazo."

"Sawa. Hudumia huyo mteja na hiyo tabia yako."

Jumamosi nilikaa kwenye ncha ya kochi la profesa, nikiogopa kukunja vitambaa vyake. Tulikuwa saba. Nilikuwa nimekariri kila sentensi, hata mahali pa kukohoa, na majibu ya maswali thelathini na manne. Chai ikamiminwa. Profesa akasema, "Tuanze na maombi. Kijana wetu mgeni, tuombee."

Kwetu hakuna mkutano usioanza kwa maombi, hata wa kununua viti, na mgeni mdogo kuliko wote ndiye huambiwa aombe. Nimeishi hapa maisha yangu yote. Ndicho kitu pekee ambacho sikukiandaa.

Wakafumba macho.

"Baba," nikaanza.

Hapo hapo nikaona "Mwenyezi Mungu" ingefaa zaidi. Lakini nikiongeza sasa, itaonekana namkumbusha cheo chake. Nishukuru kwa chai? Hatujainywa. Nishukuru kwa kazi ya profesa? Nitakuwa najipendekeza, tena mbele za Mungu. Kila sentensi niliifuta kabla haijafika mdomoni. Na bado nilijua kabisa ninachotaka kusema: kilikuwa wazi kama jiwe mkononi, kitu kati ya woga na shukrani. Maneno tu ndiyo hayakuwepo. Mtu akameza mate. Chai ikaanza kufanya utando.

Mwanafunzi mmoja mwenye kofia, aliyeketi kando yangu, akanong'ona, "Buda, sema amina tukunywe."

"Amina," nikasema, na wote wakaitikia kama watu waliookolewa mtoni.

Nikasimama na karatasi yangu. "Hakuna wazo lisilo na maneno."

"Ngoja," akasema yule wa kofia. "Sasa ile dakika yote ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa umelala?"

Wakacheka. Kati ya maswali yangu thelathini na manne, hilo halikuwemo. Ningeweza kusema sikuwa nawaza chochote, na karatasi ingepona. Profesa akaacha kukoroga chai.

"Jibu, kijana."

"Nilikuwa nawaza, Prof. Nilijua ninachotaka kusema. Maneno ndiyo hayakuja."

"Na hoja yako?"

"Imekufa."

"Imekufa na nini?"

"Maombi."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nikakunja karatasi na kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Unaenda wapi?" akasema. "Watu wengi wangedanganya hapo waokoe kazi yao. Kunywa chai. Jumatatu uniletee ile dakika, vile ilikuwa, ukurasa mmoja. Usipambe."

"Lakini Prof," akasema wa kofia, "huyu asiombe tena."

Jumatatu nilimpelekea ukurasa huo, ukiwa na makosa mawili niliyoyaona na kujilazimisha kuyaacha. Aliyazungushia wino mwekundu yote mawili, kisha akanionyesha meza nitakayofanyia kazi.